Land Rover ikishika moto, usikimbilie kuinua boneti

Moshi ukianza kufuka mbele ya Land Rover ya zamani ya petroli, wengi huruka nje, huinua boneti yote na kumwaga dumu la maji. Hapo ndipo moto unapopata nguvu. Boneti iliyofungwa inaunyima hewa. Ukiiinua, hewa inaingia kwa mkupuo na moto unakurukia usoni. Maji nayo hayafai kwa petroli, maana petroli huelea juu yake na kusambaa huku ikiendelea kuwaka.

Zima swichi, shusha abiria. Kama una mtungi wa poda wa kuzimia moto, achia komeo la boneti tu, acha upenyo mdogo, pulizia humo. Huna mtungi, au moto umeshakolea? Kaa mbali, acha gari liungue.

Chanzo mara nyingi ni kitu cha bei ndogo: mpira wa petroli uliokauka. Ukunje kwa vidole karibu na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Ukiona nyufa, badilisha leo leo, pamoja na klipu zake. Kagua pia taa za ziada zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi (mafundi wengine wanapenda mno mkato huu), na nyasi kavu zilizonasa kwenye ekzosi baada ya kupita porini.