Kadi ya duka la jumla haisevu hela yenyewe

Watu wengi wanadhani ukishalipia uanachama wa yale maduka ya jumla yanayotoza ada ya mwaka ndo ununue, basi tayari unasevu, kisa mzigo mkubwa bei chee. Hapana jamani. Ada lazima irudi kwanza: kama ni 60 kwa mwaka na nafuu unayopata ni asilimia 10, inabidi ununue vitu ambavyo kwingine vingekula 600 ndo uwe sifuri, hapo hujaokoa hata senti. Na hiyo nafuu pigia hesabu kwa kilo au lita, sio kwa pakiti, maana supamaketi ya kawaida ikiwa na ofa inaweza kuwa chini zaidi. Sabuni na tishu sawa, haziozi. Ila ndoo nzima ya mayonizi kwa watu watatu, mmh, nusu inaenda jalalani na ushailipia.