Je, wajua kwa nini Petro alivua usiku? Karabai haihusiki

Kwa miaka mingi jibu nilikuwa nalo mfukoni. Mtu akiniuliza kwa nini Simoni Petro alikesha ziwani bila kupata kitu, kama Luka anavyosimulia katika sura ya 5, nilimwambia aende Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, usiku wa giza, atazame taa za wavuvi wa dagaa zilivyojipanga majini utadhani kuna mji kule. "Ndivyo alivyovua Petro," nilisema. Niliwahi kufundisha hivyo kwenye jumuiya, nikanogesha kwamba labda usiku ule kulikuwa na mbalamwezi, ndiyo maana nyavu zilirudi tupu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ni maelezo yenye harufu ya nyumbani, na karibu yote ni makosa.

Aliyenizindua ni mzee mmoja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mvuvi aliyestaafu ambaye siku hizi anamsaidia binti yake kuanika dagaa. Nilimsimulia habari ya Petro na karabai. Aliendelea kuwatandaza dagaa wake bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Mwalimu, hao samaki wa Petro walikuwa dagaa?" Nikababaika. "Haya, na wavu wake ulikuwa wa uzi gani?"

Hilo la pili ndilo lililobeba jibu zima, ila mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Tuanze na karabai, maana ndiyo iliyonipoteza. Mchana dagaa hukaa chini zaidi. Usiku hupanda juu, wakifuata vijidudu vya majini wanavyokula. Wavuvi wanaweka taa juu ya maboya, zamani karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi za sola, wanaziacha zielee. Dagaa wanajikusanya kuzizunguka, kisha wavu unapitishwa chini yao. Kwa nini wafuate mwanga, wataalamu wana maelezo zaidi ya moja, lakini aliyewahi kuacha taa ya barazani ikiwaka baada ya mvua, akaona kumbikumbi wanavyomiminika, ameshaona jambo lenyewe. Ndiyo maana mbalamwezi ni likizo. Mwezi ukishaangaza ziwa zima, taa yako ni kama mshumaa uliowashwa saa saba mchana, hakuna anayegeuza shingo. Kwa siku kama 10 kuzunguka mwezi mpevu mitumbwi mingi ya dagaa inalala ufukweni, nyavu zinashonwa na madeni yanahesabiwa.

Sasa njoo Galilaya. Injili nyingine zinaiita bahari, Luka anaiita ziwa, na Luka yuko karibu zaidi na ukweli: ni maji baridi, urefu kama kilometa 21 na upana kama 13. Kisiwa cha Ukerewe ni kikubwa kuliko ziwa zima la Petro. Samaki wake wamo wa jamii ya sato, wamo vidagaa, wamo kambare ambao Myahudi hakula kwa sababu hawana magamba. Nyavu zilikuwa za kitani, uzi unaosokotwa kutoka kwenye nyuzi za mmea. Nailoni ilikuja karne ya 20.

Na hapo ndipo penye siri. Fikiria utando wa buibui uliotandwa katikati ya njia ya kwenda chooni. Asubuhi, umande ukiwa umeushika, unauona kutoka mbali, unainama, unapita pembeni. Usiku wa manane unaupokea kwa uso mzima. Utando ni uleule na njia ni ileile, kilichobadilika ni kwamba huoni. Samaki naye ana macho, na wavu wa kitani si utando mwembamba, ni kamba za kuanikia nguo zilizoning'inizwa mbele yake. Mchana, hasa maji yakiwa maangavu, anauona na kuukwepa. Usiku anauingia mzimamzima.

Kwa hiyo sisi tunavua usiku ili samaki waone. Petro alivua usiku ili samaki wasione. Kazi moja, saa zilezile, sababu zimepishana kabisa. Ningekuwa nimefikiri kidogo ningeligundua hilo kwa mfano wa karibu zaidi: nyavu za timba, zile za uzi mmoja mwangavu zilizopigwa marufuku ziwani kwetu. Moja ya mambo yanayoifanya timba iwe hatari ni kwamba samaki hauoni uzi wake hata mchana. Petro hakuwa na timba. Timba yake ilikuwa giza.

Aliyelieleza hili vizuri kuliko wote ni Mendel Nun, mvuvi wa Ein Gev, ufukweni mwa Galilaya penyewe, aliyetumia miaka mingi kuchunguza uvuvi wa kale wa ziwa lile. Kwa maoni yake, wavu wa Luka 5 ulikuwa wa tabaka tatu: mbili za nje zenye matundu makubwa, na moja ya katikati yenye matundu madogo, iliyolegea. Samaki anapenya tundu kubwa, anaisukuma ile ya katikati mpaka itokeze upande wa pili kama kifuko, na humo anabaki. Wavu wa namna hiyo, kwa kitani, ni wa usiku.

Hata hivyo nisije nikatoka kosa moja nikaingia jingine. Luka hataji aina ya wavu. Neno lake la Kigiriki ni la nyavu kwa ujumla, na tabaka tatu za Nun ni hoja yenye nguvu tu. Tena uvuvi wa mwanga haukuwa kitu kigeni kwa watu wa kale: Plato, zaidi ya miaka 300 kabla ya Petro, anautaja uvuvi wa usiku kwa moto. Halafu kuna ile mashua iliyoibuka kwenye tope la Galilaya mwaka 1986, ukame uliposhusha maji, ya urefu wa mita 8 na ushei, ya nyakati zilezile za Petro au karibu nazo. Pamoja nayo iliokotwa taa ya mafuta! Niliposoma habari hiyo nilitaka kukimbia Mwaloni kudai haki yangu. Lakini ni kitaa kidogo cha udongo, na iliokotwa pamoja na chungu cha kupikia. Cha kumulikia chakula, ndiyo. Cha kuita samaki, sidhani.

Ukishalijua hilo, asubuhi ile ya Luka inasomeka upya. Petro na wenzake wameshatoka majini, wanaosha nyavu. Kuosha hakukuwa usafi wa hiari, kwa sababu kitani kikiachwa na uchafu na unyevu kinaoza. Huoshwa, huanikwa, ndipo mvuvi akalale. Ni kama mama ntilie aliyekwisha sugua sufuria na kumwaga maji ya moto. Anatokea mteja, tena Yesu, fundi seremala wa Nazareti, si mtu wa ziwani, anaagiza ugali. "Tweka mpaka kilindini," ndivyo Biblia ya Kiswahili ilivyomkabidhi Petro tanga la pwani. Kigiriki kinasema tu sogea penye kina. Jua limetoka, wavu unaonekana, mwili umechoka, na wakirudi wataosha upya.

Jibu la Petro linaanza na ripoti ya fundi: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Halafu: "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Kule jumuiyani nililihubiri hili kama somo la bidii, kwamba usikate tamaa, shusha tena, Mungu hubariki wanaojaribu. Sasa naona haya. Bidii Petro alikuwa nayo, ilimaliza usiku mzima na haikuleta hata kambare wa kutupa. Alichokiweka kando asubuhi ile ni utaalamu wake, tena uliokuwa sahihi. Hakuna mvuvi wa Galilaya ambaye angemlaumu kwa kukataa. Kuamini jambo la mbinguni usilolijua ni rahisi kuliko kutii katika kazi unayoijua kuliko anayekuagiza.

Nilirudi Mwaloni kumpelekea mzee majibu. Kwake halikuwa jambo la miaka 2,000 iliyopita. Yeye ni Msabato, na Ijumaa jua likizama hakuwahi kwenda majini. Siku za giza kwa mwezi ni kama 20 tu. Toa Ijumaa, umepoteza 2 au 3, na matajiri wenye mitumbwi hawapendi hesabu hiyo. Alibadilisha tajiri mara mbili. Tena alivua sato kwa timba kabla hajabatizwa. Alipotoka majini ile siku ya ubatizo, anasema, timba nayo ikatoka. Mapato yalishuka? "Yalishuka," akasema, akaokota jani kavu lililoangukia dagaa.

Kilichomsumbua yeye kilikuwa kingine. Luka anasema nyavu zilianza kukatika, mashua mbili zikajaa karibu kuzama, kisha wakaegesha, wakaacha vyote, wakamfuata. Vyote? Na wale samaki je, jua lile?

Nikamwambia Luka hasemi, ila Marko anataja kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo ndani ya chombo pamoja na watu wa mshahara.

"Ahaa," mzee akasema, mara ya kwanza ameinua kichwa. "Basi vibarua waliuza."