Kwa nini taa za matatu hufifia kila beisi inapogonga?

Simama Kondele, mjini Kisumu, jioni magari yakiwa yamesongamana kuelekea Kakamega, uangalie matatu yenye muziki mzito. Beisi ikigonga, taa za mbele zinafifia. Ikinyamaza, zinang'aa tena. Abiria wengi huona ni sehemu ya burudani. Kumbe ni volti zinazoanguka, na gari hilo hilo litapanda kilima cha Riat gizani muda si mrefu.

Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari hutoka kwa altaneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, si kwa betri. Altaneta nzima hushikilia volti 13.8 hadi 14.4. Betri iliyojaa, peke yake, ina kama 12.6. Kwa hiyo altaneta ikimudu kazi, betri hupokea tu. Haianzi kusaidia mpaka volti zishuke hadi kiwango chake. Mshuko huo ndio unaouona kwenye taa.

Tupige hesabu. Amplifaya ya wati 1000, hata zile za daraja D ambazo hazipotezi umeme mwingi, huvuta kama wati 1250 beisi ikiwa juu kabisa. Gawanya kwa volti 14, unapata karibu ampea 90. Altaneta nyingi za magari ya kawaida hutoa ampea 70 hadi 100, tena injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye foleni hutoa nusu ya hiyo, au hata chini, na bado taa, feni na wipa zinadai haki yao. Hata pale nguvu inapotosha, altaneta huchelewa kidogo kuongeza, na pigo la ngoma halimsubiri mtu.

Balbu ya halojeni nayo ni nyepesi kuathirika. Volti zikitoka 14 hadi 12.4, yaani asilimia 11 hivi, mwanga hupungua karibu theluthi nzima. Dereva anayemtafuta kwa macho mwendesha bodaboda asiye na taa ya nyuma anaihitaji sana theluthi hiyo. Taa nyingi za LED hazififii kwa sababu zina saketi ya kutuliza umeme, lakini usidanganyike: volti zinaweza kuwa zinaanguka vilevile.

Dukani utashauriwa ununue kapasita ya faradi 1, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka. Mimi singeinunua. Ikishuka kutoka volti 14 hadi 12, inatoa jouli 26 tu, na amplifaya yetu inazimaliza kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Beisi ndefu hudumu kuliko hapo, halafu kapasita hiyo inarudi kuomba umeme kwa altaneta ile ile iliyolemewa.

Afadhali umwombe fundi wa umeme apime kwa mita muziki ukiwa juu: kwanza kwenye altaneta yenyewe, kisha kwenye betri. Altaneta ikisoma 14 na betri 12.8, umeme unapotelea njiani. Mara nyingi kosa liko kwenye nyaya tatu ambazo watu husahau: inayotoka altaneta kwenda betri, inayounganisha hasi ya betri na bodi, na inayounganisha injini na bodi. Zibadilishwe ziwe nene, za shaba halisi, kwa maana alumini iliyopakwa shaba huzuia umeme zaidi. Waya wa bodi ukifungwa juu ya rangi ni kazi bure. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ndipo bolti ikazwe. Waya mpya wa chanya lazima uwe na fyuzi karibu na betri, la sivyo ukichunika na kugusa bodi gari linaweza kuwaka moto.

Lakini kama altaneta yenyewe inasoma 12.4, nyaya hazitaisaidia. Imezidiwa, na dawa ni kufunga kubwa zaidi. Betri ya pili inafaa kwa muziki wa gari lililozimwa. Barabarani haizalishi hata ampea moja.

Kabla ya kutoa pesa, punguza beisi kwa desibeli 3. Sikio litaona tofauti ndogo, ila nguvu inayokwenda kwenye spika inapungua kwa nusu, na zile ampea 90 zinakaribia 45.