Sanamu za Mbao za Miungu ya Kihindu: Yasemwayo na Ukweli

“Rangi imebanduka, basi ni ya kale.”
Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapolizwa. Msasa na moshi huzeesha rangi kwa siku moja. Tena sanamu iliyotumika kwenye sherehe za mahekalu ya Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, ilipakwa upya mara kwa mara, hivyo ya kale hasa inaweza kung'aa kana kwamba imetoka kwa fundi jana. Tafuta palipomeguka, chini ya kisigino au nyuma ya taji, uhesabu matabaka: nyekundu, chini yake kijani, chini yake nyeupe. Ikiwa nyeupe hiyo ya chini kabisa ni ya titani, rangi iliyoanza kuuzwa karne ya 20, upakaji wa kwanza unaouona ni wa karne hiyo au baadaye, si wa kabla yake. Matundu nayo yachunguze kwa sindano. Bungua hula mbao kwa kupindapinda. Keekee ya mghushi hunyoosha moja kwa moja.

“Ondoa rangi, ibaki mbao asilia.”
Nani aliyeeneza hili sijui, ila ameharibu vitu vingi. Mchongaji alijua kazi yake itapakwa rangi, kwa hiyo mengine aliyaacha bila kuyachonga. Mistari ya wima kwenye paji la uso ni ya Vishnu. Mitatu ya kulala ni ya Shiva. Mara nyingi imo kwenye rangi tu. Ukiikwangua, umebaki na mtu mwenye taji.

“Imetoka patakatifu pa hekalu.”
Mara chache sana. Kusini mwa India sanamu kuu kwa kawaida ni ya jiwe, na ya maandamano ni ya shaba nyeusi. Za mbao nyingi zilikuwa mapambo ya magari ya maandamano, au vipando vya miungu kama ndege Garuda na fahali Nandi. Gari likichakaa huundwa jingine, na vipande vya lile kuukuu huishia sokoni. Mji wa Puri, jimbo la Odisha, ni tofauti: mungu Jagannath na nduguze huchongwa kwa mwarobaini, hubadilishwa baada ya miaka kadhaa (mara ya mwisho 2015), na miili ya zamani huzikwa ndani ya eneo la hekalu. Anayekuuzia Jagannath wa madhabahu hiyo anakuuzia hadithi.

“Nimelipa, ni yangu.”
Sheria ya India ya 1972 inamzuia mtu binafsi kusafirisha nje sanamu yenye umri wa miaka 100 au zaidi. Kwa hiyo muuzaji akisema yake ina miaka 150 na imetoka India mwezi uliopita, ama umri ni wa uongo, ama imetoroshwa.