Kloni ya kompyuta: kwa nini ramu ya mashine hii huingia kwenye ile

Mwalimu mmoja alipanda Kosta kutoka Tukuyu na kompyuta yake ya mezani ameifunga kwa kanga, akaifikisha kwa fundi Mwanjelwa, jijini Mbeya. Ukiiwasha ilikuwa inalia piip, piip, kioo cheusi tii. Fundi, kijana tu, akamwamkia, akafungua kasha kwa bisibisi, akachomoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akasugua meno ya kibao hicho kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Ikalia vilevile. Basi akainama chini ya meza, akavuta boksi la viatu lililojaa vipuri, akachagua ramu nyingine.

“Hiyo si imetoka kwenye mashine ya kampuni nyingine, mwanangu?”

“Zote kloni tu, mwalimu. Zinaingiliana.”

Jibu hilo lilimtosha fundi, mwalimu halikumtosha. Nami niliyekuwa pembeni nikisubiri simu yangu nilinyamaza, ingawa nilikuwa na la kusema. Nalisema hapa.

Kloni ni kompyuta iliyotengenezwa na kampuni yoyote ile kwa kufuata umbo na tabia za kompyuta moja ya IBM, kampuni ya Marekani, ya mwaka 1981, kiasi kwamba programu iliyoandikwa kwa ajili ya ile ya IBM inafanya kazi humo bila kubadilishwa, na kadi, yaani kibao cha kuiongezea mashine uwezo, inayochomekwa kule inachomekwa na huku. Wala si feki. Feki hujifanya kitu kingine. Kloni imebandikwa jina la aliyeitengeneza, tena usoni.

Kompyuta binafsi zilikuwapo kabla ya hapo. Mwaka 1977 peke yake zilitoka Apple II, Commodore PET na TRS-80, ila kila moja ilikuwa kisiwa: programu ya hii haikujua lolote kwa ile. IBM, waliozoea kuuza mitambo mikubwa ya maofisini, walichelewa, na walipoamua kuingia wakaingia kwa haraka. Kikosi chao cha Boca Raton, Florida, kilichoongozwa na Don Estridge, kilipewa kama mwaka mmoja tu. Kwa muda huo huwezi kubuni kila kitu mwenyewe, kwa hiyo walinunua vilivyokuwa tayari sokoni. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilitoka Intel, ile 8088. Mfumo wa uendeshaji, programu kuu inayosimamia mashine nzima, ulitoka Microsoft, ambao kwa ujanja wao walibaki na haki ya kuwauzia na wengine. Tarehe 12 Agosti 1981 mashine ikatangazwa, bei dola 1,565 kwa ile ya chini kabisa, yenye ramu ya kilobaiti 16. Picha moja ya simu yako haienei humo.

Kilichokuwa cha IBM hasa ni BIOS. Hii ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Ukibonyeza swichi, yenyewe ndiyo inaamka kwanza: inapima ramu, inakagua kibodi, halafu inauita mfumo wa uendeshaji. Ile piip iliyomtoa mwalimu Tukuyu ni BIOS inalalamika. Sasa, IBM hawakuificha. Waliuchapa msimbo wake wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, ndani ya kitabu cha ufundi ambacho yeyote angeweza kununua. Mtu anaweza kuona ni uzembe. Mimi naona ulikuwa mtego, hata kama hawakuutega kwa makusudi. Ukishausoma msimbo, kisha ukaandika wako ukafanana nao, mahakamani utajitetea vipi? Hakimiliki inakukaba.

Waliotafuta njia ya kuukwepa ni watu watatu waliotoka Texas Instruments: Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto. Walianzisha Compaq mjini Houston mwaka 1982. Kazi ya BIOS waligawa kwa watu wa aina mbili wasiochanganyika. Wa kwanza walisoma kitabu cha IBM na kuandika kila kipande kinafanya nini tu, bila kueleza kinafanyaje. Wa pili, ambao hawakuwahi kuuona msimbo wa IBM hata kwa bahati mbaya, wakapewa maelezo hayo na kuandika programu yao upya. Ikatoka BIOS yenye tabia zilezile, na hakuna mstari ulioibwa. Kompyuta yao ilianza kuuzwa mwaka 1983. Waliiita ya kubebeka. Ilikuwa na kilo zipatazo 13, yaani nusu mfuko wa mchele wa kilo 25. Mwaka uliofuata kampuni ya Phoenix ikaanza kuwauzia wengine BIOS iliyoandikwa kwa mtindo huohuo, na tangu hapo mwenye mtaji wa kununua vipuri aliweza kuunga kompyuta.

Si kila aliyejiita kloni alikuwa kloni. Wanunuzi walikuwa wanazijaribu kwa Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu, na kwa mchezo wa Microsoft wa kurusha ndege. Zikigoma hizo mbili, mashine ilirudi rafu.

Mwaka 1987 IBM walijaribu kuirudisha kamba mkononi kwa mashine mpya zilizoitwa PS/2, zenye njia ya kuchomekea kadi isiyoigwa bila kulipia leseni. Soko likawaacha. Kilichosalia ni jina: lile tundu la mviringo la kibodi, ambalo mafundi bado wanaliita PS/2. Mwaka 2005 biashara yote ya kompyuta binafsi ya IBM ikaenda kwa Lenovo.

Vita hiyo huku kwetu ilitupita. Serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu 1974, na mlango ulipokuja kufunguliwa, zilizoingia kwa wingi zilikuwa kloni tayari. Ndiyo maana ukisema kompyuta Mbeya, hiyo ndiyo watu wanayoifikiria.

Kuingiliana nako kuna mipaka. Ramu ya aina ya DDR3 haikai kwenye tundu la aina iliyoifuata, DDR4, pengo lake liko mahali pengine, ukilazimisha unavunja. Fundi alilijua hilo, akalinganisha pengo kwanza kabla ya kubonyeza. Mashine ikawaka. Saa pale chini ya kioo ikaonyesha tarehe 1 Januari ya mwaka ambao sote tulishausahau.

“Na hii tena?”

“Betri ya BIOS imekufa, mwalimu.” Akakitoa kile kidude cha duara kama sarafu, akapekua tena boksi la viatu.

“Nayo ya kampuni gani?”

“Yoyote.”