Namna ya Kupinga Hoja kwa Kiingereza Rasmi Bila Kukosa Adabu

Mwanafunzi wetu mmoja, mtu mzima mwenye kazi ya uhasibu, aliniletea barua pepe iliyomtia matatani. Ofisi waliyoshirikiana nayo ilikuwa imemtumia jedwali la hesabu, akaliona lina kosa, akajibu: "Dear Sir, Your figures are wrong. Please correct them. Yours faithfully." Alichosema kilikuwa kweli, kwa sababu hesabu zile hazikujumlishwa sawasawa. Lakini jibu alilopata halikugusa hesabu hata kidogo, lililalamikia lugha yake. Naye alishangaa kutoka moyoni. "Nimeanza na 'Dear Sir', nimeweka 'please', nimemaliza na 'Yours faithfully'. Adabu gani tena wanayoitaka?"

Swali lake ni la haki, nami nimelisikia mara nyingi kwa miaka yote niliyofundisha Kiingereza cha kazini. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tumezoea heshima inayotangulia: salamu, cheo cha mtu, "samahani", "naomba nichangie", "kwa ruhusa yako mwenyekiti". Ukishayasema hayo kwa sauti ya upole, unaweza kuongeza "hapo sikubaliani nawe" na mwenzako asione kavunjiwa heshima. Kiingereza rasmi nacho kina salamu zake, ila hakitosheki nazo. Sehemu kubwa ya adabu yake imo ndani ya kitenzi, katikati ya sentensi ileile inayopinga. Kitenzi kikiwa kikavu, "Dear Sir" haiokoi kitu.

Tuitazame sentensi ya mhasibu wetu kwa karibu. "Your figures are wrong" ina maneno mawili yanayochoma. La kwanza ni "your", maana limembandika mtu kosa. La pili ni "are", maana hukumu imeshatolewa na mlango umefungwa. Toa la kwanza upate "The figures in the third row are wrong". Hapo kosa limehama kutoka kwa mtu, limekaa kwenye mstari wa tatu wa jedwali. Badilisha la pili upate "The figures in the third row seem to be wrong". Neno "seem", na mwenzake "appear", yanasema kwamba haya ndiyo unayoyaona kutoka ulipo, na kwamba mwenzako ana nafasi ya kukuonyesha usichokiona. Hata "wrong" yenyewe inaweza kuondoka: "There appears to be a discrepancy in the third row". "Discrepancy" ni tofauti kati ya vitu viwili vilivyopaswa kulingana, nayo haimtaji aliyekosea.

Sikuishia hapo, kwa sababu barua ya namna hiyo ina upole lakini haijamsaidia mtu. Tuliyoituma hatimaye ilisema: "The third row appears to include the opening balance twice. Could you kindly check?" Yaani salio la mwanzo linaonekana kuhesabiwa mara mbili, tafadhali likagueni. Ona kwamba sentensi imelainika na papo hapo imekuwa kali zaidi kwa upande wa hoja. Aliyeipokea anajua pa kutazama. Hili nalisisitiza kwa kila darasa: ukipunguza ukali juu ya mtu, ongeza usahihi juu ya jambo. Anayepunguza yote mawili hajapinga kitu.

Vifaa vingine vya kulainisha havipaswi kututisha, kwa kuwa tunavyo nyumbani. Mzungumzaji wa Kiswahili husema "nilikuwa naomba niulize" ilhali anaomba sasa hivi, akiurudisha wakati nyuma ili ombi lisimbane mtu. Kiingereza hufanya hivyohivyo kwa "I was wondering whether...". Kuna sentensi moja ya wakati uliopita ninayoipenda sana: "I had understood that the deadline was in June". Maana yake ni kwamba mimi nilivyoelewa, mwisho ni Juni. Humwambii mtu kwamba amebadilisha tarehe kinyemela, wala humwambii kwamba amesahau. Unaweka ulivyoelewa mezani, naye analazimika kueleza tofauti imetoka wapi.

Tunayo pia "-nge-" katika "ningesema" na "ningependelea", nayo inakwenda sambamba na "would". "I disagree" ni sentensi halali kabisa, lakini katika barua rasmi inasimama kama ukuta. "I would question whether this is the best use of the budget" inapinga vilevile, kwa kuuliza kama haya ndiyo matumizi bora ya bajeti. Halafu kuna "sidhani". Mswahili hasemi "nadhani si sahihi" anapotaka kuwa mpole, husema "sidhani kama ni sahihi", akiutoa ukanushi kwenye jambo na kuuweka kwenye dhana yake mwenyewe. Kiingereza kinapendelea hivyo pia: "I don't think this is correct" ni laini kuliko "I think this is incorrect". Kwa mtindo huohuo "not accurate" inakuwa "not entirely accurate", na "I am not convinced" inakuwa "I am not yet convinced". Hilo neno dogo "yet" ni la thamani, maana linamwambia mwenzako kwamba mazungumzo hayajakwisha.

Kwa nini lugha ijisumbue hivyo? Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao wa adabu za lugha uliotoka mwaka 1978 na kuchapishwa upya mwaka 1987, walieleza kwamba kila mtu ana "uso" anaoulinda mbele ya watu, na kwamba kumpinga ni tishio kwa uso huo. Wenye msemo wa "uso umeumbwa na haya" hatuhitaji maelezo marefu hapo. Mwaka 1984 Anita Pomerantz alionyesha, kwa kuchambua mazungumzo yaliyorekodiwa, kwamba anayekubaliana na mwenzake kwa kawaida hujibu upesi na waziwazi, ilhali asiyekubaliana husita, hutanguliza neno kama "well", mara nyingi hukubali kipande kwanza, kisha ndipo hufikia pingamizi. Kwa hiyo mtu anayejibu "No, that is wrong" papo kwa papo, katika kikao cha Kiingereza, huonekana mkali hata kama sauti yake ni ya upole. Hakumpa mwenzake ile nafasi ya kujiandaa.

Kukubali kipande kwanza kuna mtego wake. Wengi hukariri "That is a very good point, but..." na kuitumia kwa kila jambo, mpaka wasikilizaji wanajifunza kwamba sifa ikitajwa kipigo kinafuata. Kubali kitu kilichopo kweli, ukitaje: "I agree that the cost is a concern. My difficulty is with the timetable." Yaani gharama ni tatizo, tunakubaliana, mimi ninakwama kwenye ratiba. Hapo mwenzako amesikia kwamba umemsikiliza.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoufahamu uko katika sayansi. Tarehe 25 Aprili 1953, jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya James Watson na Francis Crick kuhusu umbo la DNA. Watson alikuwa na umri wa miaka 25, na Crick alikuwa bado hajapata shahada ya uzamivu. Ilibidi wampinge Linus Pauling, mmoja wa wanakemia mashuhuri kuliko wote duniani wakati ule, ambaye pamoja na Robert Corey alikuwa amependekeza umbo lenye nyuzi tatu. Walianza kwa kusema kwamba Pauling na Corey walikuwa wema kuwapa andiko lao kabla halijachapishwa. Wakaeleza umbo lenyewe bila kulipotosha. Kisha wakaandika: "In our opinion, this structure is unsatisfactory for two reasons". Kwa maoni yetu, umbo hili haliridhishi kwa sababu mbili. Sababu ya pili ilihusu umbali kati ya atomu, nao hawakusema kwamba umbali ule ni mdogo mno, waliandika kwamba baadhi "appear to be too small".

Nawaomba wanafunzi wangu waisome aya hiyo neno kwa neno. Shukrani ni ya jambo lililotendeka kweli. Kinachopingwa ni "this structure", hakuna mtu. Neno "unsatisfactory" halitukani, lakini halibembelezi. Na sababu zinafuata mara moja, zikiwa na idadi, kiasi kwamba yeyote angeweza kuzikagua. Sasa linganisha na aya inayofuata, wanapoligusa umbo jingine lenye nyuzi tatu lililopendekezwa na mtafiti mwingine, Fraser: wanasema limeelezwa kwa namna isiyo wazi vya kutosha, na kwa sababu hiyo "we shall not comment on it", hawatatoa maoni. Hakuna neno kali pale, lakini kukataa kujadili hoja ya mtu kunauma kuliko kuipinga. Pauling alipata pingamizi, na pingamizi lenye sababu ni aina ya heshima.

Mahakamani na bungeni ufundi huu umegeuka kuwa kanuni. Mawakili wa Uingereza huitana "my learned friend" hata wanapobomoana hoja, na wanaomsikia mwenzao akimwambia jaji "with respect" wanajua kwamba hakubaliani. Akifika kwenye "with the greatest respect", anaona jaji amepotea kabisa. Katika bunge la Uingereza, mbunge haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Spika humtaka afute kauli, na akikaidi anaweza kutolewa ukumbini. Mwaka 1906 Winston Churchill, akizungumzia kama mikataba ya vibarua wa Kichina huko Transvaal, Afrika Kusini, inaweza kuitwa utumwa, alitumia maneno "terminological inexactitude", yaani kukosa usahihi wa istilahi. Baadaye watu wakayachukua maneno hayo kuwa njia ya kusema "uongo" bila kulitamka. Nchini Marekani, jaji wa Mahakama ya Juu asiyekubaliana na wenzake kwa desturi humaliza kwa "I respectfully dissent". Desemba 2000, katika kesi ya uchaguzi wa urais kati ya Bush na Gore, Jaji Ruth Bader Ginsburg alimaliza kwa "I dissent" tu. Neno moja lilikosekana, na wanasheria wakalisikia pengo lake.

Tahadhari mbili kwa haraka. "With all due respect" ukiipeleka nje ya mahakama, katika barua pepe za kazini, wengi huisikia kama utangulizi wa tusi, iache. Vivyo hivyo "obviously", "as I already said" na "actually" mwanzoni mwa jibu, maana humwonyesha mwenzako kuwa mzito wa kuelewa. Badala ya "You misunderstood me" andika "Perhaps I was not clear", ubebe mzigo huo mwenyewe, kisha ueleze upya.

Upande wa pili ni kusikia. Anayefundishwa kulainisha lazima afundishwe kusikia ulaini wa wengine, la sivyo atatoka kikaoni akidhani amekubaliwa. "I hear what you say" kutoka kwa Mwingereza kwa kawaida haimaanishi kwamba umemshawishi. "That is an interesting idea", isipofuatwa na swali lolote, mara nyingi ndiyo mwisho wa wazo hilo. Ukiwa na shaka uliza waziwazi: "May I take it that you would prefer another option?" Nao hawatakuona mkosa adabu.

Na kuna mahali ambapo ulaini huu haupaswi kuingia. Tarehe 13 Januari 1982, ndege ya Air Florida ilikuwa ikikimbia kuruka kutoka Washington katika theluji. Barafu ilikuwa imeziba vipimio vya injini, na mishale ikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwepo. Rubani msaidizi aliona. Kinasa sauti kilimsikia akisema "That don't seem right, does it?", kisha "that's not right". Rubani mkuu akamjibu kwamba ni sawa. Msaidizi akasema "I don't think that's right", na mara akaongeza "maybe it is". Ndege iligonga daraja na kuanguka katika mto Potomac, wakafa watu 78.

Kila ninapoyasoma maneno yale nayaona yaleyale ninayoyafundisha: "seem", "I don't think", "maybe". Darasani ni adabu. Pale yalimpa rubani mkuu nafasi ya kutosikia. Ndiyo maana katika kitengo chetu hatufundishi kulainisha bila kufundisha pia kuacha kulainisha. Kwa wauguzi, mafundi na wote wanaofanya kazi penye hatari tunatumia ngazi ya sentensi tatu inayofundishwa kwa timu za hospitali katika mpango wa Marekani uitwao TeamSTEPPS. Kwanza "I am concerned", nina wasiwasi. Usiposikilizwa, "I am uncomfortable", siko tayari kuendelea hivi. Ya tatu ni "This is a safety issue", hili ni suala la usalama. Tunawataka waitamke hiyo ya tatu kwa sauti, wamesimama, wakimtazama mkubwa wao machoni, mara kumi, mpaka itoke bila "perhaps".