Kitendo Kisicho cha Hiari Mbele ya Sheria ya Jinai

Msimu wa karafuu unapofika kisiwani Pemba, mchumaji aliye juu ya mkarafuu anaweza kukanyaga tawi bovu, likavunjika, naye akamwangukia mwenzake anayeokota chini na kumvunja mkono. Aliyeumia yupo na aliyemwumiza anajulikana, lakini mwanakijiji yeyote mwenye akili timamu atasema kuwa hapa hakuna aliyempiga mwenziwe. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018, inaliona jambo hili vivyo hivyo: mtu hawajibiki kijinai kwa kitendo kilichotokea nje ya utashi wake, isipokuwa pale sheria inapoadhibu uzembe wenyewe.

Wengi wanaokuja kwetu kuomba msaada wa kisheria huupanua mlango huu kuliko ulivyo. Aliyepandwa na ghadhabu akampiga jirani kwa mchi hawezi kujificha humo, kwa sababu mkono wake, hata akiwa na hasira kiasi gani, ulifuata amri yake mwenyewe. Wala kauli ya "sikumbuki" haitoshi peke yake, maana kusahau baada ya tukio si sawa na kukosa uwezo wa kujizuia wakati wa tukio. Kinachotakiwa ni mwili kutenda bila ya akili kuuongoza, kama mtu anayetupa mikono akiwa katika kifafa, au dereva wa gari la abiria aliyevamiwa na kundi la nyuki njiani.

Ugumu huanzia kwenye maradhi, na kisukari ndicho mfano mzuri zaidi. Mwaka 1973 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilifuta hatia ya muuguzi aitwaye Quick, aliyemshambulia mgonjwa baada ya kujidunga insulini na kula chakula kidogo, kwa kuwa kilichomvuruga akili kilitoka nje ya mwili wake, yaani ile dawa. Mwaka 1989, katika shauri la Hennessy, mshitakiwa alikuwa na kisukari hicho hicho, ila yeye hakutumia insulini na sukari ikapanda. Mahakama ikasema chanzo ni maradhi yenyewe, kwa hiyo utetezi wake ni wa wazimu. Binafsi naona tofauti hiyo ni kali mno kwa mgonjwa mmoja aliyekosea dozi, lakini hivyo ndivyo hoja ilivyojengwa. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ingawa mawakili wetu huyatumia kushawishi.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mshitakiwa akishaweka ushahidi wa kutosha kuwa kitendo hakikuwa cha hiari, ni kazi ya upande wa mashtaka kuiondoa shaka hiyo, na ukishindwa, mtu huachiwa huru moja kwa moja. Anayedai wazimu hubeba yeye mzigo wa kuthibitisha, na hata akifaulu anaweza kuwekwa chini ya uangalizi, kwa mfano katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, badala ya kurudi nyumbani.

Tena mahakama huuliza mtu alifikaje katika hali hiyo. Dereva anayejua kuwa huanguka kifafa, akaacha dawa kwa hiari yake na bado akashika usukani kutoka Mkoani hadi Chake Chake, anaweza kutiwa hatiani kwa uamuzi wake wa kuendesha, hata kama alipogonga hakuwa na fahamu.

Huulizwa pia kuhusu aliyepandisha shetani. Mahakama haimpimi shetani. Inachopima ni ushahidi wa hali ya akili na mwili wa mshitakiwa, na kwa hilo maelezo ya daktari, kadi ya hospitali na kauli za walioshuhudia tukio huwa na uzito kuliko maelezo ya mganga. Ndiyo maana ndugu wa mshitakiwa wanashauriwa kumweleza wakili mapema kuhusu maradhi yake, dawa anazotumia na lini alizitumia mara ya mwisho, kabla ya kumbukumbu hizo kupotea.